Mfumo wa kuuzia dukani, miaka miwili baadae: bei niliyoambiwa na bei niliyolipa

Nyota mbili kati ya tano, na hiyo ya pili nimeitoa kwa ajili ya ripoti ya madeni tu, isingekuwa hiyo ingebaki moja. Jina la kampuni silitaji, msiniulize hata faragha, manake mkataba wangu nao unaisha Disemba na data yangu yote iko kwao, mtu mkononi mwa mwenzake hasemi sana.

Sisi tuna hadwea hapa Lamu, upande wa Langoni, duka ni la babangu tangu mi sijaanza skuli na sai mi ndo nafanya hesabu. Tunauza simenti, mabati, rangi, mabomba, misumari, na boriti bila shaka. Miaka yote tulikuwa na daftari, lile kubwa la jalada gumu, na kalkuleta. Mambo ya KRA, wale wa kodi ya serikali, yalipoanza kuwa mengi nkamwambia baba tutafute mfumo wa komputa, akakubali shingo upande, na hapo ndo nlipofanya kosa langu la kwanza, kwa sababu nliletewa kwotesheni tatu na mi nkaangalia mstari wa chini pekee. Hii ilikuwa shilingi 45,000 ya kununua na 2,500 kila mwezi ya huduma. Zile mbili zilikuwa juu. Nkachukua hii, na nkajiona hodari wa biashara.

Demo walikuja kutufanyia hapa hapa dukani. Siku hiyo neti ilikuwa safi kama maji ya visima vya Shela, kijana wa mauzo kapiga pasi shati lake, anaskani kopo la rangi, tii, risiti hiyo inatoka, baba mwenyewe akatabasamu. Nkamuuliza je neti ikikatika? Akanambia dada hilo lisikutie wasiwasi, hii inafanya kazi hata bila neti. Nkaridhika. Sikumwambia haya chomoa hiyo waya hapo nione. Kitu cha dakika moja tu, mpaka leo najiuma vidole.

Sasa niwape asubuhi moja muone inavokuwa. Jumatatu, jahazi limefika kutoka Mokowe, kule bara, na mifuko ya simenti, mapunda wako nje wamejipanga, hamali wanangoja waambiwe mingapi iende store na mingapi iende kwa mteja moja kwa moja Mkomani. Kwenye skrini kuna kile kiduara kinazunguka. Siwezi kutoa risiti, siwezi kuingiza mzigo, na fundi wa mteja amesimama mbele yangu na pesa mkononi. Ule mfumo wa kufanya kazi bila neti kumbe maana yake ni kwamba unafunguka bila neti, unakuonyesha bidhaa zako zote na bei zake vizuri kabisa, ila ukibonyeza kuhifadhi ndo unaanza kuzunguka. Mwenye punda akaja akanambia, "Dada, sisi twahesabiwa safari, hatuhesabiwi kusimama," na alikuwa na haki, nkamuongeza. Hiyo pesa nliyomuongeza haikuandikwa popote. Zikawa nyingi kama hizo, mia mbili hapa mia tatu pale, mteja kaghairi kaenda duka la pili, hamali walokaa saa nzima bure.

Lakini nataka niwaambie ukweli, mfumo kulala si ndo kilichoniumiza. Ukilala unajua umelala, unatoa daftari chini ya kaunta, unaandika kwa kalamu, maisha yanaendelea. Ulinitesa pale ulipokuwa macho na unanipa hesabu za uongo.

Mwezi wa nne hivi tangu tuanze, ripoti ya jioni ikasema kwenye sanduku lazima kuwe na 63,400. Mi nahesabu 49,200. Nkahesabu tena, 49,200. Tofauti 14,200, na si mara ya kwanza, mwezi ule wote ilikuwa leo pungufu elfu mbili, kesho mia nane. Kijana wetu wa kaunta ni mtoto wa khalati wangu, mpole, hata chai hanywi dukani bila kuomba. Mi nkamuangalia tu. Akasema wallahi dada sijui. Mwisho wa mwezi nkamkata 5,000 kwenye mshahara, hakusema kitu, akazipokea zilizobaki akaenda zake. Siku ya pili khalati akaja nyumbani, hakunigombeza, akakaa jikoni na mama, akasema tu kama mtoto wangu ni mwizi niambieni nimuondoe. Mama hakunisemesha siku mbili.

Nkakaa usiku na daftari, kwa sababu baba alikuwa bado anaandika kimyakimya, hakuwahi kuiamini ile komputa na Mungu amlipe kheri. Nkaanza kulinganisha mstari kwa mstari. Nkaziona: mabati 12 ya geji 30 na misumari ya mabati kilo 4, jumla 14,200, kwenye daftari iko mara moja. Kwenye mfumo iko mara mbili, sekunde 21 kati yake. Mteja yule yule, vitu vile vile. Nkamwita kijana, nkamuuliza skrini ikizunguka wewe hufanya nini? Akanambia nabonyeza tena. Basi ndo hiyo. Bonyezo la kwanza lilishafika kwao kwenye seva, ile komputa yao kuu, jibu ndo lilochelewa kurudi, la pili likahesabiwa kama mauzo mapya, na risiti imetoka moja tu kwa hivo hakuna mtu kaunta anayeweza kujua. Nkazihesabu za mwezi mzima, zote ziko hivo hivo. 5,000 yake nlimrudishia siku ile ile na juu yake nkamuongeza, lakini hilo halifutiki kwa pesa, na kwa khalati nlienda mwenyewe.

Nlipowapigia sapoti wakasema ni makosa ya mtumiaji, asibonyeze mara mbili. Hebu fikiria. Binamu yangu mmoja anasoma mambo ya komputa Mombasa alinifahamisha kwamba dawa yake ni ya zamani na si ngumu, kila mauzo yanapewa namba yake pale pale kaunta kabla hayajatumwa, yakitumwa mara mbili au mara kumi seva inaona namba ni ile ile inaitupa. Miezi ikapita hawajafanya. Kwa nini waharakishe, aliyekatwa mshahara si wao.

Binamu huyo huyo ndo alonieleza habari ya posta ya Uingereza, na nyinyi mnaoajiri watu kaunta nawaomba muisome vizuri. Posta yao iliweka mfumo unaitwa Horizon, wa kampuni ya Fujitsu, kuanzia 1999. Mfumo ukawa unasema wenye vibanda vya posta wana upungufu, pesa hazipo. Posta ikaamini komputa. Mpaka 2015 watu zaidi ya 900 walihukumiwa, wako walofungwa jela, wako walofilisika, wako walokufa na aibu hiyo. Desemba 2019 jaji wa London akaamua kwamba Horizon ilikuwa na kasoro zinazoweza kuleta hizo tofauti, na 2024 Bunge lao likapitisha sheria ya kuwafutia watu hatia kwa jumla. Alafu kuna kisa kimoja cha 2015 cha kijiji kinaitwa Dalmellington huko Scotland, nlipokisoma nkasimama: mfanyakazi anaingiza paundi 8,000, skrini imekwama, anabonyeza tena na tena, mfumo ukaandika mara nne, akaonekana ana upungufu wa paundi 24,000. Ni kijana wetu kabisa huyo, tofauti ni bahari tu. Na mi nlikuwa ile posta.

Tuendelee. Mauzo yakihesabiwa mara mbili na stoku inapunguzwa mara mbili, si ndio? Kwa hivo mfumo ukanambia simenti imebaki mifuko 9. Nkaagiza 100. Kwenda store, kuna zaidi ya 60 imekaa. Na simenti kwetu haiwekwi kama mchele, hii hewa ya bahari inaingia mpaka ndani ya karatasi, miezi mitatu imezidi. Hamali wakapanga mipya mbele, ya zamani ikasahaulika nyuma, nlipokuja kushtuka mifuko 17 imeganda, ukiigonga inalia kama jiwe. Baba akaweka mmoja mlangoni tunauzuilia mlango usipigwe na upepo, uko hapo mpaka leo, kila nikiingia nauona.

Ile ripoti ya madeni nlosema nzuri, ni nzuri kweli, inakupa nani anadaiwa tangu lini na inamtumia mtu SMS yenyewe. Watu walilipa, sikatai, kuna madeni ya mwaka nliyapata kwa wiki mbili. Lakini kuna mzee mmoja wa heshima zake, mteja wa babangu tangu mi mdogo, alilipa deni lake Jumanne, neti ikawa ile ile, malipo hayakuhifadhiwa. Ijumaa akapata SMS. Jumamosi nyingine. Jumapili ya tatu. Jumatatu akaingia dukani na kofia yake na bakora, nkamuamkia shikamoo mzee, akaitika, akaiweka simu juu ya kaunta na risiti nliyomuandikia kwa mkono pembeni yake, akasema polepole, "Mwanangu, nimelipa, na karatasi hii hapa. Sasa simu yaniita mdaiwa mbele ya wajukuu zangu?" Wallahi nlitaka ardhi inifungukie. Baba alienda kwake baada ya isha kumuomba radhi. Amerudi kununua, ndio, lakini sai analipa taslimu na anasimama mpaka aone naandika kwenye daftari.

Na KRA. Wenye biashara mnajua, tangu tarehe 1 Januari 2024 mtu akiwa na gharama haina invoisi ya eTIMS, ule mfumo wa KRA wa invoisi za komputa, ukitoa vichache vilivyosamehewa, haikubaliwi kwenye hesabu ya kodi yake. Kwa hivo kontrakta akinunua kwangu vitu vya laki moja na sina invoisi ya eTIMS ya kumpa, kwake ni kama hakutumia kitu, atalipia kodi. Ana sababu gani ya kuja kwangu? Mfumo wetu uliunganishwa na KRA kwa ile njia inaitwa OSCU, ambayo inataka uwe hewani muda wote, yaani neti isikatike. Kuna nyingine inaitwa VSCU, imewekwa kwa wale ambao hawako hewani muda wote. Sisi tuko kisiwani, neti ikiamka vibaya inalala mpaka adhuhuri, na wao walituwekea ya hewani muda wote, hawakutuuliza, na mi sikujua kama kuna kuulizwa. Invoisi zikawa zinakwama. Tarehe 20 ya kupeleka VAT, kodi ya ongezeko la thamani, ikifika mi nakaa usiku natafuta zipi zilifika KRA na zipi hazikufika, na ukichelewa faini ni 10,000 au asilimia 5 ya kodi, ile iliyo kubwa. Mara moja nilichelewa. Kontrakta mmoja anayejenga Shela aliningojea invoisi siku nne alafu akanipigia akanambia kwa adabu sana kwamba amepata duka jengine.

Haya, hesabu. Mwaka wa kwanza kwotesheni ilisema 75,000 nikijumlisha na ya mwezi mwezi. Nje ya hiyo, nikihesabu miezi kumi na mbili ya kila kimoja, nlitoa hivi: fundi alikuja kutoka Mombasa mara tatu, na fundi akija unamlipia basi mpaka Mokowe, boti, kulala, chakula, na ada ya siku hata kama siku yenyewe kaimaliza barabarani, kila safari karibu 11,000, hiyo 33,000. Rauta ya mtandao wa pili na bando lake ili mmoja ukianguka tuhamie mwingine, 3,000 kwa mwezi, hiyo 36,000. Na binti nlomuweka kuja siku tatu kwa wiki kulinganisha daftari na mfumo, 8,000 kwa mwezi, hiyo 96,000. Jumla 165,000. Yaani nlinunua mfumo wa kuniondolea daftari, sasa nna mfumo, nna daftari, na nna mtu wa kuvipatanisha. Simenti iloganda, faini, kontrakta wa Shela na yule mzee sijavitia humo. Zile kwotesheni mbili nlozikimbia, ile ghali kabisa isingefika hata nusu ya nlipofika.

Na hiyo ya binti ndo naiona chungu zaidi kwa sababu haina mwisho. Kosa la mabonyezo mawili walikuja kulitengeneza baada ya miezi saba. Lishaisha. Lakini nani ana moyo wa kumuachisha binti? Mi sina. Nikiona namba kwenye ile skrini kwanza namuuliza yeye.

Kuhusu boriti. Hapa kwetu boriti na miti yote ya mikoko inauzwa kwa korja, korja ni miti 20, na kuna fito, kuna pau, mazio, boriti yenyewe, nguzo, kila mmoja na unene wake na bei yake. Mfumo unajua dazeni na katoni. Nkawaambia nataka korja, wakasema andika pisi 20. Sasa mtu anataka korja mbili na nusu ya mazio, mwingine anataka boriti saba, na bei ya mmoja mmoja si bei ya korja ukigawa. Wakanishauri nifungue bidhaa mbili, "boriti korja" na "boriti moja", ambazo hazijuani, ukiuza moja moja ile ya korja haipungui. Hiki kwa kweli si kosa la mfumo kuharibika, ni kwamba aloutengeneza hajawahi kusimama kwenye duka la huku. Boriti tumezirudisha kwenye daftari moja kwa moja na roho zimetulia.

Sapoti yao, kijana anayepokea simu ni muungwana sana, anaingia kwa AnyDesk, programu ya kuingilia komputa yako akiwa mbali, anahangaika mpaka maghrib, simlaumu. Tatizo wanatuma apdeti bila kumwambia mtu, tena Ijumaa. Wiki moja kabla ya Maulidi, watu wote wanataka rangi na chokaa ya kupaka nyumba, wageni wako njiani, tukaamka printa haiongei na komputa. Hata wakubwa wa dunia yamewakuta, mnakumbuka CrowdStrike, ile kampuni ya ulinzi wa komputa, tarehe 19 Julai 2024, nayo ilikuwa Ijumaa, apdeti moja mbovu ikaangusha komputa milioni 8.5 za Windows kwa makisio ya Microsoft, ndege zikakaa chini. Lakini hadwea ya Langoni haina meneja wa kupiga simu Marekani, ina mimi.

Mtu akija kuwafanyia demo, chomoeni neti katikati ya mauzo, alafu bonyezeni kuhifadhi mara tatu, alafu rudisheni neti muone ripoti inasema mangapi. Akikasirika mshapata jibu. Ombeni namba ya duka linaloutumia mwaka wa pili, si wa kwanza, na muende mkamuulize anayekaa kaunta, mwenye duka hajui kitu, mi nlikuwa mwenye duka na sikujua. Mkataba useme nani analipa boti. Na ulizeni ukitaka kuondoka unapewa data yako vipi, kwa sababu mi nlipoomba yangu mwezi uliopita nkaletewa PDF ya kurasa mia tatu na kitu. Bidhaa zote, wateja wote, madeni yote, kwenye PDF. Nkawaambia naomba kwa Excel, wakanijibu hiyo ni huduma ya ziada ina bei yake.

Binti ameshaanza kuziandika upya, yuko kwenye herufi M, mabomba. Kama kuna mwenye hadwea, Malindi au popote hapa pwani, anatumia mfumo unaojua korja, anijuze. Na fundi wa hawa wa sai amesema atakuja Jumatano kuangalia printa tena, nimeshamwambia boti ajilipie.